Zainu Video Kwenye Mstari wa Goli

Ukimuulizia Zainulabedin Taqi pale Rahaleo, hapa Mtwara, utazungushwa mpaka uchoke. Muulizie Zainu Video, hata mama anayeuza ming'oko, vile viazi vya porini, atakunyooshea kidole bila kuacha kuhesabu chenji. Duka lake la picha limepakana na langu. Langu ni la mapambo: maturubai, viti, vitambaa vya ukumbini, na kiti cha bibi harusi ninachokikodisha kwa masharti, maana kuna watu hukalia kiti kana kwamba wamekikosea heshima tangu zamani. Mimi naitwa Mwanahamisi. Zainu huniita dada Mwana, nami humwita Zainu tu. Mtu mliyekula naye ukoko wa pilau nyuma ya jiko, wote mmechoka na maharusi wameshaondoka, huwezi tena kumwita bwana.

Babu yake alifungua duka la vitambaa Mikindani, na duka lipo mpaka leo. Analiendesha dada yake Zarina, mwanamke anayejua kila kanga ya mji huu ilinunuliwa na nani na ilimlenga nani. Zainu naye alitakiwa asimame nyuma ya kaunta hiyohiyo. Baba yake, mzee Taqi, alimnunulia kamera ili apige picha za bidhaa, yeye akapiga picha za wateja. Mzee alipoziangalia akasema mtoto ameshaharibika, basi bora aharibikie kwenye kazi. Ndivyo alivyohamia Rahaleo, akamwoa Nishat, akajifunza Kimakonde kuliko wanangu mimi, na mpaka leo huwezi kusikia harusi ya maana kutoka hapa mjini mpaka Kilambo, kule mto Ruvuma unakokaribia bahari, ambayo Zainu hakuipiga.

Siri ya kazi yake nitaisema, maana hata yeye haifichi. Wapiga video wanaotoka Dar wakija huku hukosea jambo moja. Shekhe anaposhika mkono wa bwana harusi, wote hukimbilia mdomo wa bwana harusi. Zainu hugeuza kamera akamtafuta mjomba. Kwetu huku, Mmakonde, Mmakua au Myao, mtoto ana baba, lakini mwenye kauli ni mjomba, ndugu wa mama yake. Mtoto akiugua anaitwa mjomba, akiolewa anaulizwa mjomba, akiharibika analaumiwa mjomba. Sasa neno la bwana harusi kila mtu analijua kabla hajalisema. Uso wa mjomba ndio usiojulikana utafanya nini. Kuna mzee mmoja wa Nanguruwe, mkali, mtu wa kutisha watoto kwa kukohoa tu, watu walimwona akilia ndani ya video ya Zainu. Ukoo mzima ulimheshimu upya.

Na kuna desturi nyingine. Video ikiwa tayari, kabla haijatoka dukani, mjomba huitwa aje aitazame kwanza. Anakaa kwenye kiti cha mikono kilichomo dukani, analetewa chai, anatazama. Akiona aibu, pengine shemeji anagombea nyama au shangazi amezidisha kucheza, husema, "Hapo kata," na Zainu hukata. Sikuwahi kumsikia akimkatalia mjomba hata siku moja. Alikuwa akisema kazi yake ni kuwapa watu harusi yao, si kuwapa ushahidi.

Sasa mwaka huu wasimamizi wa ligi wakaja na habari ya kamera. Timu yetu, Likombe Stars, inacheza ligi ya kulipwa, ile inayofuata chini ya ligi kuu, na kama kuna kitu watu wa Mtwara tunakijua baada ya korosho ni kumlaumu mwamuzi. Tukifungwa, kahongwa. Tukishinda, leo alikuwa na aibu. VAR yenyewe kama ya Ulaya ni mitambo mizito, basi wakaamua kufanya majaribio ya kitu chepesi: kamera moja kwenye kila mstari wa goli, moja katikati, na televisheni pembeni mwa uwanja ili mwamuzi akiwa na shaka aende akatazame marudio. Televisheni iliwekwa chini ya turubai langu. Kamera za mistari zilitafutiwa watu wa hapahapa wenye mkono uliotulia, na mkono uliotulia hapa mjini ni wa nani kama si wa Zainu?

Alikwenda mafunzoni akarudi mtu mwingine. Aliweka kamera mlangoni mwa duka, akailenga ukingo wa baraza langu, akakaa nyuma yake amefumbata mikono kwapani.

"Unapiga picha baraza langu, limekufanya nini?" nilimuuliza.

"Najizoeza, dada Mwana. Yule mwalimu amesema kamera ya mstari haifuati mpira wala mtu. Dunia ipasuke, wewe upo kwenye mstari."

Mbuzi wakapita, bajaji zikapita, ikapita hata ngoma ya kumtoa mwali na vigelegele vyake, Zainu kimya na baraza langu. Nilimcheka mpaka nikakaa chini. Lakini yeye hakuwa na mchezo. Aliniambia harusini akikosea watu humnunia wiki wakasahau, ila huku akikosea, kuna mtu ataonewa. Mwamuzi ni mtu mmoja, anazomewa na uwanja mzima, basi angalau awe na shahidi. Alilisema hilo kwa fahari, na mimi nikaacha kucheka.

Kitu kimoja tu aliwashinda vijana wa mitambo walioletwa na ligi. Alifunga kwenye kamera kinasa sauti chake cha harusini. Wakamwambia sauti haihitajiki, televisheni ya mwamuzi haitoi sauti. Akasema picha isiyo na sauti kwake ni maiti, na wao wakamwacha na maradhi yake.

Siku yenyewe ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Sare ingetutosha kubaki kwenye ligi, tukifungwa tunashuka. Golini alikuwepo Hamisi, kijana mrefu, mtaratibu, mtoto wa wifi yangu. Mjomba wake basi ni mume wangu, Zuberi, ambaye pia ni mwenyekiti wa tawi la mashabiki la Chuno. Vyeo viwili hivyo vikikutana kwenye kichwa kimoja siku ya mechi, nyumbani hapakaliki. Kipindi cha pili Zuberi alihamia kwenye benchi lililo sambamba na mstari wa goli letu, ili Hamisi amsikie anapompigia kelele. Kamera ya Zainu ilikuwa hapohapo, wangeweza kupeana sigara kama Zainu angekuwa anavuta. Mimi nilikuwa upande wa pili chini ya turubai langu, nikilinda kamba, maana watu wakipandwa na mori hushika chochote.

Zilikuwa zimebaki dakika chache, hakuna aliyefunga. Mshambuliaji wa wageni akapiga shuti, likagonga chini ya mwamba, mpira ukadunda, ukaruka juu, Hamisi akaukumbatia. Yote hayo yalipita upesi kuliko ninavyoyasimulia. Mshika kibendera wa upande ule alikuwa Rozalia, mwalimu wa shule ya msingi huko Newala, mwanamke mfupi mwenye mbio. Hakusita. Aliteremsha kibendera akakimbilia katikati ya uwanja, maana yake goli. Mwamuzi wa kati, Filipo, akapuliza. Wachezaji wetu wakamzunguka Rozalia kama nyuki. Filipo akachora umbo la televisheni hewani, akaja mbio chini ya turubai langu.

Nilisimama nyuma ya bega lake, sikufukuzwa, turubai ni langu. Kamera ya katikati ilionyesha migongo. Akaomba kamera ya mstari. Tukaona mstari mweupe, safi kabisa, nguzo ya goli, mpira unakuja, unagonga mwamba, unaanza kushuka. Hapo picha ikageuka. Televisheni nzima ikajaa uso wa mtu mmoja, macho yamemtoka, mikono kichwani, mdomo wazi.

"Rudisha," Filipo alisema.

Wakarudisha. Mstari, mpira, mwamba, uso.

"Huyu ni nani?"

Vijana wa mitambo walitazamana. Mimi nilikaribia kusema huyo ni mume wangu, nikameza. Filipo alishusha pumzi, akatoka, akanyoosha mkono katikati ya uwanja. Goli. Kumbe teknolojia yote ile ilikuwa imempa uso wa Zuberi, akabaki na kibendera cha Rozalia kama zamani. Tukashuka daraja.

Nilipomfikia Zainu alikuwa bado nyuma ya kamera, anaitazama mikono yake.

"Imekwenda yenyewe, dada Mwana," alisema. "Nimeona mtoto yuko hatarini, mikono ikamtafuta mjomba."

Mazoea yana taabu, wahenga hawakukosea. Kitu kilekile kilichomfanya apendwe mji mzima ndicho kilichomharibia. Nilitaka kumcheka, nikamwonea huruma, mwisho nikamsaidia kukunja nyaya.

Nje ya uwanja nilikuta watu wamejaa na Zuberi amepanda juu ya tofali. "Halikuingia!" alikuwa akipaza sauti. "Mimi nilikuwa kwenye mstari! Halikuingia, nimeona kwa macho haya!" Mtu aliyekuwa sambamba na mstari akisema hivyo, nani atambishia? Rozalia alitolewa mlango wa nyuma akirushiwa chupa za maji. Nikasikia mama mmoja mtu mzima akimtukania wazazi. Baada ya siku chache klabu ikapeleka malalamiko: mechi irudiwe, na yule mwanamke afungiwe maisha asiguse tena kibendera, maana ameuza mechi. Shahidi mkubwa wa klabu alikuwa Zuberi. Kamati ya waamuzi ikamtaka Zainu atoe video yake yote, na sauti yake.

Kwa hiyo mambo yalisimama hivyo. Kama ile video ingesema kitu, ingemwokoa Rozalia. Kama isingesema, neno la mume wangu lingemmaliza.

Zainu alituita dukani alasiri moja. Alifunga mlango, akampa Zuberi kile kiti cha mikono, Nishat akaleta chai, akarudi ndani. Sikupenda ule utaratibu tangu mwanzo, ulikuwa wa harusi mno. Zainu akabonyeza. Tukauona mstari, mpira, mwamba, kisha uso wa Zuberi ukajaa, na safari hii kukawa na sauti. Ilikuwa karibu, safi, kana kwamba anaongea humuhumu dukani:

"Limeingia! Nnungu wangu, limeingia!"

Zuberi ni Mwislamu wa kuamka alfajiri, anamtaja Mungu kwa Kiswahili na Kiarabu. Nnungu, Mungu wa Kimakonde wa bibi yake, humtoka anapojikwaa kidole tu, au akifiwa. Nilijua hapo hapakuwa na maigizo. Nilimgeukia, yeye akawa anaitazama chai.

"Hapo kata," alisema.

Zainu hakugusa kitu.

"Zainu. Hapo kata. Acha picha, toa sauti."

"Kaka Zuberi, hii siyo harusi."

"Siyo harusi, lakini mjomba ni mimi. Yule mtoto anatafuta timu ya kumchukua tangu tuliposhuka. Ikijulikana aliufuata mpira ndani ya goli akauchomoa, watamwita mwongo kila uwanja atakaokwenda. Na mimi nimeshasema mbele ya watu. Wewe hujawahi kunikatalia."

"Sijawahi."

"Basi?"

Zainu alitoa miwani akaifuta na shati, akaivaa, akaitoa tena. "Yule mama wa kibendera alikuwa kwenye mstari, na mimi ndiye niliyewekwa nimshuhudie, nikageuza kamera. Hilo ni kosa la mikono. Nikikata hiyo sauti, linakuwa kosa la moyo. Shahidi aliyembakia ni wewe, kaka. Upo humo ndani, unasema kweli."

Zuberi aliisukuma chai pembeni. Kisha akasema taratibu, bila ukali, kama mtu anayemkumbusha mwenzie kwamba mawingu yameshakusanyika: "Watasema Mhindi katuuza."

Niliona uso wa Zainu unabadilika. Mtu anaweza kuzaliwa mahali, akazika wazee wake hapo, akajua nyimbo zote za unyago zinazoruhusiwa kujuliwa na mwanamume, na bado neno hilo likawa limewekwa mahali linamsubiri. Alilijua lipo. Sidhani kama alitegemea kulisikia kwa Zuberi.

"Watasema," alijibu. "Wewe utasema nini?"

Mume wangu alichukua kofia yake akatoka. Nilibaki nimesimama, nimewaka kama jiko la mkaa, nikamwambia Zainu kama yeye hasemi nitasema mimi, nitapita nyumba kwa nyumba. Akanikataza.

"Video ya watu haisimuliwi na mpiga video, dada Mwana, wala na mwenye maturubai. Mwenyewe aseme. Kamati nitaipa kama ilivyo, basi."

Na kweli aliipeleka mwenyewe, haikukatwa hata kidogo. Hakuna aliyejua ndani kuna nini isipokuwa sisi watatu. Lakini ilitosha watu kujua kwamba ameipeleka bila kuipitisha kwa viongozi wa tawi. Neno likatoka, vilevile kama Zuberi alivyolitabiri. Familia moja ya Chuno ikahamisha harusi kwa mpiga video mwingine, wakaja kwangu kuulizia viti huku wakipita mbele ya duka lake wamekaza shingo. Nikawaambia viti vimekwisha, vilikuwa vimepangwa nyuma yangu vinaonekana. Nishat aliambiwa sokoni amwambie mumewe warudi kwao. Alikuja kwangu na kikapu chake hakina samaki.

"Kwetu wapi, Mwana?" aliniuliza. "Mimi nimezaliwa hapahapa, mama yangu kazikwa Mikindani. Nirudi wapi, nirudi tumboni?"

Nilikwenda kununua samaki mwenyewe, na muuzaji akanisikia.

Nyumbani sikuongea. Nilimpakulia Zuberi chakula vizuri, nikampa maji ya kunawa, neno hakuna. Kisha nilikwenda kwa Zarina nikanunua kanga yenye maandishi *Njia ya mwongo fupi*, nikaivaa asubuhi na jioni, nikahakikisha namgeuzia mgongo maandishi yasomeke. Alisoma. Mtu aliyekonda kwa kusoma mgongo wa mkewe ni yeye wa kwanza. Nilijua linamtafuna, maana aliacha kwenda kijiweni, na swala zikawa ndefu. Lakini hakusema, nami nikaanza kuogopa kwamba niliolewa na mtu nisiyemjua.

Kabla kamati haijakaa, tawi likaitisha mkutano bandani kwao Chuno, pale wanapotazamia mpira. Wakamwita Zainu ajieleze. Nilimwambia asiende. Alikwenda kavaa shati lake la harusini, nami nikamfuata, akasimama karibu na mlango kwa sababu hakuna aliyemwonyesha pa kukaa. Wachezaji wachache walikuwepo, Hamisi akiwa amejibanza benchi la nyuma na miguu yake mirefu. Zuberi alikuwa mbele, kwenye kiti cha mwenyekiti, ametazama sakafu.

Katibu wao, Rajabu, ndiye aliyeshika maneno. Ni fundi mzuri wa bodaboda na mdomo wake ni mbaya. "Tunataka kujua," alisema, "kwenye hiyo video umewapelekea nini."

"Nilichopiga," Zainu alisema.

"Umepiga nini?"

"Mwenye picha yupo. Mimi siwezi kuisema kabla yake."

Watu wakaguna. Rajabu akawageukia. "Mnamsikia? Tumeshuka daraja, yeye anatuletea mafumbo. Jamani, tusimlaumu. Mtu asiye na mjomba hapa hawezi kujua uchungu wetu."

Hata waliomchukia Zainu siku ile walijua neno hilo limevuka mpaka. Kwetu ukimwambia mtu hana mjomba umemwambia hana wa kumzika. Niliona Zainu ameushika mwimo wa mlango. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikiwa tayari kuvunja ndoa yangu palepale.

"Anaye," Zuberi alisema.

Aliinuka kwenye kile kiti. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wa nyuma wakasogea kumsikia.

"Mjomba anaye. Ni mimi. Na aliyewaongopea ni mimi huyohuyo. Mpira ule ulivuka mstari. Niliuona, nikasema limeingia, na Zainu ana sauti yangu nikisema. Nikatoka nje nikawaambia halikuingia. Yule mwalimu mliyemtupia chupa alikuwa sawa. Nilimwomba huyu bwana akate sauti, akakataa, nikawaacha mmtukane."

Rajabu alikaa chini polepole, akapangusa uso. Zuberi akamwambia apige simu kwa viongozi wa klabu malalamiko yaondolewe leo hiihii, na kama tawi linataka mwenyekiti mwingine, kiti ni hicho. Kisha alikwenda mlangoni, akamshika Zainu mkono, akamleta kwenye benchi la mbele akamkalisha. Zainu alikaa kama mgeni, magoti pamoja.

Ndipo Hamisi aliposimama huko nyuma. Mikono yake mikubwa ilikuwa imening'inia tu, haijui pa kwenda.

"Mjomba," alisema, "mimi nilijua. Niliutoa ndani ya goli kwa mikono hii. Usiku silali. Lakini wewe ulishasema halikuingia, na mimi ningekufanyaje mwongo mbele ya watu? Nilikuwa nakusubiri wewe useme kwanza."

Zuberi alimtazama yule kijana, kisha akajifunika uso kwa kofia yake akalia, mbele ya tawi zima la Chuno. Mimi niliyemnunia siku zote zile nilikwenda nikakaa karibu naye, nikalia pia.